Esanse si sabuni

Mfanya kazi mwenzetu, saa ya kutoka kazini imefika. Mikono yako ni myeusi: grisi ya mashini, mafuta ya motere, vumbi la mawe. Kwenye bomba kuna maji na kipande cha sabuni, lakini pembeni kuna kopo, na ndani ya kopo kuna esanse au mazuti. Unafanya nini? Wengi wanachovya mikono katika kopo. Grisi inatoka mara moja, mikono inakuwa safi, na mtu anarudi nyumbani na furaha. Kapita anaona na ananyamaza, maana hata yeye anafanya vilevile.

Sasa tuulize. Grisi imetoka, ni kweli. Lakini kuna kitu gani kingine kimetoka pamoja nayo? Esanse haina macho. Haijui kuchagua kati ya mafuta ya mashini na mafuta ya mwili wako. Inayayeyusha yote, na mafuta ya mwili wako si uchafu. Ni ukuta. Bila ukuta huo hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna mti wa mwembe. Leo tutaeleza ukuta huo umejengwa namna gani, na namna gani kazi yetu inaweza kuubomoa.

Tuanze na kitu ambacho watu wa Kolwezi wanakijua. Kwa miaka mingi, mawe ya shaba ya rangi ya majani, yaani malakiti, yalitengwa na udongo kwa msaada wa mafuta ya mawese. Usicheke. Ni mawese yaleyale ya sombe. Mawe yalisagwa mpaka yakawa kama unga, yakachanganywa na maji katika mapipa makubwa, ndipo wakatia mawese yaliyotengenezwa pamoja na mazuti, wakapuliza hewa. Povu likapanda juu likibeba shaba, na udongo ukabaki chini. Kwa nini shaba nzito ilipanda juu? Kwa sababu ndani ya mawese kuna asidi za mafuta, na kila molekuli ya asidi hiyo ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji na madini. Mkia unachukia maji, unatafuta kuyakimbia. Basi kichwa kikashika chembe ya shaba, mkia ukaingia katika povu la hewa, na povu likanyanyua mzigo.

Ukishika jambo hili la kichwa na mkia, umeshika somo lote.

Mwili wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na ngozi ya mafuta. Mafuta hayo waganga wanayaita lipidi, na yale ya ukuta hasa wanayaita fosfolipidi: kichwa kimoja kinachopenda maji, mikia miwili inayoyachukia. Sasa ndani ya seli ni maji, na nje ya seli ni maji. Maskini mikia, ikimbilie wapi? Inakimbiliana. Molekuli zinajipanga mistari miwili, kama watoto wengi waliolala katika kitanda kimoja miguu kwa miguu, vichwa pande mbili. Vichwa vinagusa maji ya nje na maji ya ndani, mikia inabaki katikati, pakavu. Hakuna fundi anayeipanga. Tia mafuta ya namna hii katika maji, yatajipanga yenyewe.

Ukuta huu ni mwembamba ajabu. Unene wake ni karibu nanomita 5, maana yake utapanga kuta 200,000 moja juu ya nyingine kabla ya kupata milimita moja. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, ndio waliogundua mwaka 1925 kwamba mistari ni miwili. Walitoa mafuta katika chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima. Mafuta yalifunika mahali mara mbili kuliko eneo la chembe zenyewe. Baadaye watu wengine walipitia hesabu yao na kuona makosa mawili ndani yake, ila kosa moja lilifuta lingine, na jibu likabaki sahihi. Kuna watu wenye bahati.

Usifikiri kwamba ukuta huu ni mgumu kama saruji. Ni laini, unatiririka kama mafuta yenyewe, na ndani yake protini zinaelea. Hivyo ndivyo Singer na Nicolson wa Marekani walivyoueleza mwaka 1972. Kwa sababu ya ulaini huo, chembe nyekundu ya damu inaweza kujikunja na kupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, tena na tena, kwa siku 120 hivi, bila kupasuka. Na protini zile ni milango. Chumvi haipiti katika mafuta, sukari haipiti, mpaka ipate mlango wake. Kuna mlango mmoja katika matumbo unaofunguka vizuri pale chumvi na sukari zinapofika pamoja, na maji yanafuata nyuma yao. Ndiyo sababu mgonjwa wa kipindupindu anapewa maji yenye vitu vyote viwili: litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita kipimo. Maji matupu hayatoshi. Mama, ushike vipimo hivi kichwani wakati mgonjwa anapelekwa lopitali.

Lakini vitu vinavyopenda mafuta havibishi hodi. Vinayeyuka katika ukuta na kutokea upande wa pili. Oksijeni inapita hivyo, na ni vizuri. Esanse nayo inapita hivyo. Zamani esanse ilitiwa risasi ya namna inayoyeyuka katika mafuta, na risasi hiyo ilipita katika ngozi ya mikono mpaka katika damu na ubongo. Duniani kote magari yaliacha esanse ya risasi kabisa mwaka 2021 tu. Fikiri ni mikono mingapi ilioshwa humo kabla ya mwaka ule.

Mama wa nyumba ataniuliza: kama tumejengwa kwa mafuta, tule mafuta mengi? Kula, kwa kipimo. Kuna mafuta ambayo mwili haujui kuyatengeneza wenyewe, lazima yatoke katika sahani: katika karanga, katika soya, katika samaki kama ndakala. Mtoto mchanga anayahitaji sana, maana ubongo wake unajengwa, na zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo ukikaushwa ni mafuta. Maziwa ya mama yanayo. Hata kolesteroli, ambayo watu wanaiogopa, imo katika kuta za seli zetu zote na inazisaidia zisilegee mno. Ubaya unakuja inapozidi katika damu. Na mawese yana rangi nyekundu ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho. Yule anayechoma mawese katika sufuria mpaka yawe meupe ameitupa vitamini hiyo motoni. Basi, turudi kazini.

Ngozi ya mikono yako, ile ya juu kabisa, ni kama ukuta wa nyumba ya matofali. Unajua matofali yetu ya udongo wa kichuguu. Seli zilizokufa na kukauka ndizo matofali. Udongo wa kuyashikanisha ni mafuta, yaani kolesteroli pamoja na lipidi nyingine, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Katika sehemu nyingi za mwili ukuta huu wote ni mwembamba kuliko karatasi, na bado unazuia maji ya mwili yasitoke na sumu isiingie. Sasa mimina esanse. Matofali yanabaki, udongo wa katikati unayeyuka. Mvua ikinyesha, nyumba ya namna hiyo inakuwaje?

Siku ya kwanza unaona ngozi nyeupe na kavu. Unasema, nitapaka mafuta kidogo. Mwili nao unaanza kutengeneza upya, lakini kazi hiyo inachukua siku kadhaa, na wewe kesho saa ya kutoka unachovya tena. Hivyo ukuta haumaliziki hata siku moja. Baada ya wiki nyingi ngozi inapasuka kwenye vidole, inawasha, inatoa maji. Ndipo wageni wanaingia. Asidi inaingia, saruji inaingia. Chumvi za kobalti zinaingia, na kobalti inajulikana kwa jambo moja baya: ngozi ya mtu ikishaizoea kwa ubaya, itaikataa siku zote. Kugusa kidogo tu, mikono inavimba na kuwasha. Mtu wa namna hii anaweza kulazimika kuacha kazi aliyoijua miaka 15, kwa sababu ya kopo la esanse lililokaa kwenye bomba. Mimi naona ni bei kubwa mno kwa kuokoa dakika tatu.

Utasema: sabuni peke yake haiondoi grisi nzito. Ni haki. Basi tumia akili ya mafuta. Mafuta yanayeyusha mafuta: paka mikononi mafuta kidogo ya kupikia, ya karanga au mawese, sugua mpaka grisi ilegee, pangusa na kitambaa kikavu, kisha nawa kwa maji na sabuni. Molekuli za sabuni nazo zina kichwa na mkia. Mkia unaingia katika grisi, kichwa kinavutwa na maji, na vyote vinakwenda zao. Usisugue na mchanga, unakwangua ngozi. Ukiisha kukausha mikono, paka vazilini. Na dawa iliyo bora kuliko zote ni kuvaa mifuko ya mikono tangu asubuhi, ile isiyopitisha mafuta. Mfuko wa kitambaa uliolowa mazuti ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu unashikilia mazuti juu ya ngozi siku nzima.

Sabuni ile ile inaua virusi kadhaa kwa njia hiyohiyo. Virusi vya Ebola, ugonjwa uliojulikana kwanza mwaka 1976, na virusi vya Kovidi, vimevaa koti la mafuta vilivyoliiba kwa seli za wagonjwa. Mikia ya sabuni inaingia katika koti na kulipasua. Virusi vingine havina koti, lakini maji yanavichukua pamoja na uchafu, basi sugua sekunde 20 bila haraka.

Kuna jambo lingine juu ya sabuni, na hili ni la hatari. Babu zetu walijua kupika sabuni: unachukua mafuta, unachanganya na maji ya majivu makali au soda kali, na mafuta yanageuka sabuni. Sasa fikiri soda kali au chokaa mbichi inapoingia katika jicho. Inafanya kazi ileile. Inageuza mafuta ya kuta za seli zako kuwa sabuni, ukuta unabomoka, dawa inasonga mbele, inakuta ukuta mwingine, inaubomoa nao. Wengi wanaogopa asidi tu, kwa sababu asidi inauma mara moja. Lakini asidi mara nyingi inagandisha nyama ya juu na ganda hilo linaizuia kidogo. Chokaa haizuiwi. Inaingia ndani kimya, na jicho linaweza kupofuka.

Kwa hiyo wewe unayebeba mifuko ya chokaa, miwani, ile tunaita malineti, isikae juu ya kofia. Ikae juu ya macho. Na kama bahati mbaya imetokea, usingoje munganga, usitafute dawa. Maji! Maji mengi, palepale, jicho likiwa wazi, wenzako wakishika kope kama huwezi mwenyewe, kwa dakika 30 bila kuacha. Hata kwa asidi fanya hivyo. Chokaa kavu iliyo juu ya ngozi ipanguse kwanza, kisha maji. Baada ya hapo ndipo lopitali, hata kama maumivu yamepungua.

Sasa sikilizeni, wazazi. Katika nyumba nyingi petroli ya taa au esanse ya jenereta inawekwa katika chupa ya limonadi. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Ubaya mkubwa mara nyingi hauko tumboni, uko katika mapafu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni mengi, na kila kimoja kimepakwa ndani maji membamba yenye lipidi za kichwa na mkia. Lipidi hizo zinazuia vifuko visishikamane kama mifuko ya plastiki iliyolowa. Petroli ni nyepesi, inateleza upesi kuelekea njia ya hewa, na hata kidogo ikifika humo inaharibu lipidi hizo. Vifuko vinafunga, mtoto anapumua kwa shida.

Jirani atakuja na maziwa, mwingine na mawese, wakisema atapike. Kataa. Akitapika, petroli inapita kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia katika mapafu. Usimpe kitu, usimtapishe, mvue nguo zilizolowa, mkimbize lopitali na ile chupa uichukue nayo. Na wewe baba unayevuta mazuti kwa mdomo na kipande cha mpira ili kujaza gari, mapafu yako yana vifuko vilevile. Tumia pampu ya mkono.

Nimeacha vumbi mpaka mwisho, kwa sababu vumbi ndilo linaua polepole na watu hawaliogopi.

Wale wanaotoboa mawe katika machimbo ya Katanga wanaijua RSC. Ni jina la Kifaransa la jiwe lililo kati ya tabaka mbili za shaba: roches siliceuses cellulaires, maana yake mawe ya silika yenye vyumba vidogo. Ni kama mchezo wa maneno, kwa sababu silika ya mawe hayo ndiyo adui wa vyumba vidogo vya mwili wako. Jiwe likitobolewa au kulipuliwa, linatoa vumbi. Vumbi unaloliona linacheza katika mwanga wa taa, jingi linashikwa puani na kooni, unalitema. Vumbi baya ni lile usiloliona, chini ya mikromita 5, dogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Hilo linafika mpaka katika vifuko vya hewa.

Humo kuna seli za usafi. Kazi yao ni kuzunguka na kumeza kila kitu kigeni. Zinameza mikrobi, zinaifunga katika kifuko cha ukuta wa mafuta, zinamimina humo maji makali ya kuyeyusha, na mikrobi imekwisha. Seli inakutana na chembe ya silika, inafanya ilivyozoea: inameza, inafunga, inamimina. Lakini jiwe haliyeyuki. Uso wa silika, hasa ule uliovunjwa sasa hivi na mashini, unashika vichwa vya lipidi na kuharibu ukuta wa kile kifuko. Kifuko kinapasuka ndani ya seli yenyewe. Maji makali yanamwagika, seli inakufa, na kabla ya kufa inapiga kelele kwa dawa zake kuita nyingine. Nyingine inakuja, inaokota jiwe lilelile, inakufa nayo. Chembe moja ya vumbi inaweza kuua seli moja baada ya nyingine, na yenyewe haipungui hata kidogo.

Mahali pa vita hiyo pafu linajenga kovu. Kovu ni gumu, halipitishi hewa. Makovu yakiwa mengi, huo ndio ugonjwa wa silikosi. Mara nyingi unaonekana baada ya miaka 10 au zaidi. Pale vumbi ni kali sana na hakuna maji, miaka michache inatosha. Hakuna dawa inayoondoa kovu. Mtu mwenye silika katika mapafu anapata kifua kikuu upesi kuliko wengine, kwa sababu askari wake wamekufa. Na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiandika silika ya fuwele katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Kwa hiyo maji katika kutoboa si ya kupoza chuma tu. Mtu anayefunga bomba la maji ili asilowe, au kwa sababu mashini inakwenda upesi ikiwa kavu, anapumua visu. Baada ya kulipua, ngoja hewa itoke, nyunyizia mawe maji kabla ya kupakia. Usifagie vumbi kavu. Kitambaa mdomoni kinazuia vumbi kubwa tu, lile ambalo pua ingelizuia bure. Maski iwe ya kuchuja vumbi jembamba, ya alama ya P2 au zaidi, nayo ishikane na uso. Ndevu zinafungua njia pembeni. Hili linawahusu pia ndugu zetu wanaochimba kwa mikono na kusaga mawe nyuma ya nyumba, ambako hakuna kapita wala mashini ya hewa, na mama na mtoto wanakaa palepale.

Ukipiga picha ya mapafu kila mara munganga anapokuita, kovu litaonekana likiwa dogo, na utahamishwa mahali pasipo vumbi kabla halijawa kubwa. Wengine wanaogopa picha, wanasema watapoteza nafasi yao kazini. Nafasi nyingine inaweza kupatikana. Pafu ni hayo mawili tu.

Na nguo za kazi ziachwe kazini kama kuna mahali pa kuziachia. Kama hapana, mama, usizikung'ute mlangoni na mtoto mgongoni. Zitie katika beseni la maji kama zilivyofika, zilowane kabisa, uzifue peke yake bila nguo za watoto, na maji yake uyamwage mbali na mahali wanapocheza.